Sensa mbili mpya, tatizo palepale: je, ni kompyuta ya injini?

"Habari za kazi, fundi. Gari langu ni la petroli, la mwaka 2008. Asubuhi linawaka vizuri tu, lakini nikishaendesha kama nusu saa, injini ikishashika joto, linaanza kukosa nguvu, taa ya injini inawaka, kisha linazima. Nikilipumzisha dakika 20 hivi linawaka tena kama halijawahi kuugua. Fundi amelipima kwa mashine ikatoa misimbo ya hitilafu P0122, P0107 na P0641. Akabadilisha sensa ya throto, halafu sensa ya MAP, tatizo likabaki palepale. Juzi lilipozima, mashine ilikataa kabisa kuisoma injini, ila kompyuta ya breki, ABS, ilisomeka. Sasa anasema sensa haziwezi kufa zote kwa mpigo, kwa hiyo kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imeungua, na ameshapata iliyotumika. Jamaa mwingine ananiambia nichomoe betri usiku kucha, kompyuta itajirudi yenyewe. Nimeshatumia fedha nyingi na sijui nimwamini nani. Ninunue?"

Usinunue kwanza. Inawezekana kompyuta ya injini yako ni mbovu kweli, lakini katika yote uliyonieleza hakuna hata kipimo kimoja kilichoonyesha hivyo. Imehukumiwa kwa sababu sensa mbili zimebadilishwa na tatizo halijaondoka. Huo ni uchovu wa kutafuta, na ninauelewa, maana gari linalougua likiwa la moto na kupona likipoa linaweza kumchosha hata fundi mzuri. Ila uchovu usigeuke kuwa hukumu, kwa sababu bili ya hukumu hiyo utailipa wewe.

Kabla sijaendelea, naomba usiliendeshe gari hilo kwenye barabara ya mwendo kasi mpaka lipatiwe dawa. Injini ikizima ukiwa kwenye mwendo, breki zinabaki na akiba ya msaada ya kukanyaga mara mbili tatu hivi, kisha pedali inakuwa ngumu sana. Usukani nao unakuwa mzito. Breki bado zipo, lakini zinahitaji mguu wenye nguvu na dereva asiyeshtuka. Ukiwa na mtoto kwenye kiti cha nyuma na lori nyuma yako, hapo si mahali pa kujifunza jambo hilo.

Sasa turudi kwenye hoja ya fundi wako. Amesema sensa haziwezi kufa zote kwa mpigo, na hapo yuko sahihi. Zikilalamika pamoja, kuna kitu kimoja kinachoziunganisha. Alipokosea ni kuamini kwamba kitu hicho lazima kiwe kompyuta yenyewe. Kuna kingine kinachoziunganisha, nacho ni waya.

Kompyuta ya injini inalishwa volti 12 kutoka kwenye betri, lakini sensa nyingi haizipi chakula hicho. Ndani yake kuna sehemu inayoshusha umeme hadi volti 5 zilizotulia, zisizopanda wala kushuka hata betri ikiyumba, na volti hizo 5 ndizo zinazotumwa kwenye sensa. Chukua sensa ya MAP, ile inayopima mgandamizo wa hewa kwenye manifoldi. Aina iliyozoeleka ina nyaya 3: mmoja unaleta volti 5, mmoja ni hasi ya kurudi kwenye kompyuta, na wa tatu ndio unaopeleka taarifa. Ukiwasha swichi bila kuwasha injini, waya wa taarifa huwa juu, volti 4 na zaidi kwa gari lililo karibu na usawa wa bahari. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, taarifa hiyo hushuka hadi kama volti 1 au 1.5. Kompyuta inasoma volti hizo na kujua injini inavuta hewa kiasi gani. Lakini angalia: taarifa yote hiyo imekatwa kutoka kwenye zile volti 5. Zikiondoka, taarifa nayo inaondoka, hata kama sensa ni mpya na imetoka kwenye boksi leo.

Na waya huo wa volti 5 si wa sensa moja. Kwenye magari mengi unatoka kwenye kompyuta ukiwa mmoja, kisha ndani ya kitita cha nyaya unagawanyika kwenda sensa tatu, nne au tano. Ni kama bomba moja linalohudumia vyumba vyote vya nyumba. Bomba likipasuka chumba cha mwisho, bafuni maji hayatoki, na ukibadilisha koki ya bafuni hujatengeneza chochote.

Kwa jicho hilo, isome upya ile misimbo yako. P0122 inasema taarifa ya throto, ule mlango wa hewa inayoingia kwenye injini, iko chini mno. P0107 inasema taarifa ya MAP iko chini mno. P0641 inasema volti ya rejea, yaani zile volti 5 za laini A, hazikai inavyotakiwa. Huyo wa tatu ndiye shahidi aliyekuwepo. Wawili wa kwanza wanasimulia tu walivyoumia. Kwa bahati mbaya mafundi wengi huanza na wa kwanza kwenye orodha, wakabadilisha kilichotajwa kwa jina, na yule mwenye habari yenyewe akaachwa kwa sababu hataji kifaa chochote cha kununua.

Ndiyo maana pia gari linakosa nguvu kabla ya kuzima. Throto ya umeme isipoaminika, kompyuta inaiacha kwenye uwazi mdogo wa kujikongoja. Na kwenye magari ambayo sensa ya kamshafti au ya krenki, zile zinazofuatilia mzunguko wa injini, nayo inakula kwenye laini hiyohiyo, volti zikiporomoka kompyuta haijui tena kama injini inazunguka, inakata mafuta na moto wa plagi, na gari linazima.

Swali linalobaki ni nani anayeziangusha zile volti 5 injini ikipata joto. Naona washukiwa watatu, na nitakwambia ninavyowapima uzito. Wa kwanza ni sensa mojawapo kwenye laini hiyo inayopiga shoti kwa ndani ikishapata moto. Wa pili ni waya uliochunika mahali fulani, labda unapopita kwenye kona ya chuma au karibu na bomba la moshi, ukigusa bodi plastiki yake ikilainika kwa joto au injini ikitikisika. Wa tatu ni kompyuta yenyewe kutopata chakula chake vizuri, ama kwa sababu ya rilei kuu, yaani swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, au kwa sababu ya ethi, yaani nyaya za hasi zinazofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Kompyuta mbovu ni mshukiwa wa nne. Yupo, lakini simtangulizi.

Nitakupa mfano kutoka mikononi mwangu. Niliwahi kuletewa gari lililokwisha kubadilishiwa kompyuta mara mbili katika gereji nyingine. Dalili zilifanana na zako sana. Niliunganisha mita kwenye waya wa volti 5 pale kwenye sensa ya MAP, nikaliacha liungurume mpaka lilipoanza kusumbua. Mita ikashuka hadi volti 0.4. Nikachomoa sensa ya throto: 0.4. Nikachomoa MAP: 0.4. Sensa ya pedali ya mafuta ilikuwa kwenye laini nyingine kwa mujibu wa ramani ya umeme, nikaiacha. Nikaenda mbele, karibu na rejeta, nikachomoa soketi ya sensa ya presha ya gesi ya kiyoyozi. Mita ikaruka hadi 5.01 papo hapo. Hakuna aliyeifikiria, kwa sababu haina uhusiano na injini. Hata hivyo ilikuwa inakula kwenye bomba lilelile, imekaa mahali panapopigwa na maji na changarawe, na ilikuwa imeingia unyevu. Kompyuta zote mbili zilizotolewa kwenye gari lile zilikuwa nzima.

Sidai kwamba yako ni ya kiyoyozi. Ninachotaka ni hatua zilezile zifanyike kwa gari lako, na zifanyike wakati gari linaumwa. Hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea: gari linaletwa limepoa, linapimwa, kila kitu kinaonekana kizuri, na kwa kuwa kila kitu ni kizuri lawama inaangukia boksi. Kipimo cha gari lililopona hakikwambii chochote kuhusu ugonjwa. Mita iunganishwe mapema, waya wake upitishwe mpaka ndani, gari liendeshwe au liungurume mpaka lifikie hali yake ya kuzima, na macho yawe kwenye namba.

Fundi asitoboe plastiki ya waya kwa ncha ya mita ili kupata umeme. Tundu hilo litaingiza maji, na baada ya miezi kadhaa shaba itageuka kijani na utakuwa na tatizo jipya ulilotengenezewa. Kuna vipini vyembamba vinavyoingia kwa nyuma ya soketi, kandokando ya mpira wa kuzuia maji. Na ile taa ya kupimia yenye balbu ya kawaida isiguse waya wa sensa wala waya wa amri wa kompyuta. Balbu hiyo inavuta umeme mwingi kuliko transista ndogo za ndani zinavyoweza kuvumilia. Mita ya dijitali haina shida hiyo.

Volti 5 zikiporomoka, sensa zote za laini hiyo zichomolewe moja baada ya nyingine huku mita ikitazamwa. Zikirudi baada ya kuchomoa fulani, umempata. Zisiporudi hata baada ya kuchomoa zote, shoti iko kwenye waya au ndani ya kompyuta. Hapo swichi inazimwa, hasi ya betri inachomolewa, soketi kubwa ya kompyuta inafunguliwa, na mita ya omu inapima kati ya waya wa volti 5 na bodi. Ukisoma omu chache tu wakati hakuna sensa wala kompyuta iliyounganishwa, waya umegusa bodi mahali, na kazi iliyobaki ni kuufuata kwa macho na mikono. Mita isipoonyesha muunganiko wowote, waya ni mzima, basi kompyuta sasa inakaribia kuwa na kesi. Inakaribia tu. Bado haijaulizwa kama imekula.

Hili la kula linanisumbua kwenye maelezo yako kwa sababu ya ile juzi, mashine ilipokataa kuisoma injini wakati ABS inasomeka. Kuna magari ambayo volti 5 zikipigwa shoti kompyuta inanyamaza hata kwa mashine. Lakini kompyuta iliyokosa umeme nayo inanyamaza hivyohivyo. Kwa kuwa ABS ilisomeka, soketi ya kupimia ina umeme wake kwenye pini 16 na hasi yake kwenye pini 4 na 5, kwa hiyo mashine yenyewe haikuwa na kasoro. Tatizo liko upande wa injini.

Kompyuta inapata umeme kwa njia zaidi ya moja: mmoja wa kudumu unaotunza kumbukumbu, mmoja unaokuja ukiwasha swichi, na ule mkubwa unaopitia rilei kuu. Rilei ni kitu kidogo na rahisi kubadilisha, na kwenye baadhi yake lehemu ya ndani hupata ufa mwembamba kama unywele. Ikiwa baridi, ufa umebana na umeme unapita. Ikipata joto, ufa unafunguka. Gari likizima, weka kidole juu ya rilei hiyo. Ikiwa ya moto kupita wenzake walio jirani nayo, ijaribu nyingine ya namba ileile kabla hujawaza kitu kingine. Kisha apimwe mlaji mwenyewe: mita kati ya chanya ya betri na pini ya umeme ya kompyuta, injini ikiwa inafanya kazi. Mita hapo inaonyesha umeme unaopotea njiani. Ikizidi nusu volti, kuna mahali panapobana. Upande wa hasi uwe mkali zaidi: kati ya hasi ya betri na pini ya ethi ya kompyuta isizidi volti 0.1 hivi. Ethi iliyooza inaifanya kompyuta isome vibaya sensa zote kwa pamoja, na dalili zake zinadanganya kuliko ugonjwa mwingine wowote ninaoujua kwenye gari.

Fundi anaweza kukwambia ameshapima waya kwa mita ya omu na "uko sawa". Muulize aliupima ukiwa na mzigo au mtupu. Waya wenye nyuzi 20 ndani, ukibaki na uzi mmoja tu, mita ya omu itakuonyesha karibu sifuri, kwa sababu mita inapitisha umeme kidogo mno. Kompyuta ikitaka ampea kadhaa, uzi huo mmoja haufui dafu. Kuna njia nyepesi ninayoipenda: kompyuta ikiwa imechomolewa na betri imerudishwa, chukua balbu ya breki ya wati 21, unganisha upande mmoja kwenye pini ya umeme na mwingine kwenye pini ya ethi za soketi ile. Kama umeme huo unapitia rilei ambayo huamrishwa na kompyuta yenyewe, fundi aiwashe kwa muda. Balbu iwake kwa nguvu zake zote. Ikififia, umepata jibu bila mashine ya gharama.

Na betri yenyewe isisahauliwe. Ikipumzika iwe na volti 12.6 hivi, wakati stata inazunguka isishuke sana chini ya 10, na injini ikiwaka alternata ilete kati ya 13.8 na 14.5. Mita igeuzwe pia upande wa umeme wa AC ikiwa palepale kwenye betri. Ikisoma zaidi ya nusu volti, diodi za alternata zimeanza kwenda, na mawimbi hayo yanaivuruga kompyuta.

Kwa hiyo kompyuta inahukumiwa lini? Inahukumiwa pale ambapo umeme wake na ethi zake zimepimwa zikiwa na mzigo na ni nzima, nyaya za kwenda kwenye sensa ni nzima, sensa zote za laini hiyo zimechomolewa, na bado pini yake haitoi volti 5. Hapo sina la kuitetea. Njia nyingine ni upande wa amri: taarifa zote zinaingia sawasawa, lakini amri ya nozeli moja ya mafuta au koili moja ya plagi haitoki kwenye pini yake. Ipo pia misimbo inayomtaja mwenyewe, kama P0601 ya kumbukumbu yake ya ndani au P0606 ya kichakataji chake. Hiyo ni ushahidi mzito, ila hata hiyo naipokea baada ya kupima umeme na ethi, kwa sababu kompyuta yenye njaa huanza kuweweseka. Wewe huna hata mmoja kati ya hiyo.

Kama tatizo linafuata joto la kompyuta yenyewe badala ya joto la injini, kuna namna ya kujua. Gari likiwa limepoa na linaunguruma vizuri, elekeza mashine ya kukaushia nywele kwenye boksi la kompyuta kwa dakika chache, moto wa kiasi tu, kisha ligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Likizima injini ikiwa bado haijapata joto, ndani kuna lehemu iliyoachia au kapasita inayokufa. Lisipotikisika, joto linalouma liko kwingine, huko chini ya boneti.

Utaniuliza: mbona basi kompyuta zinaungua? Zinaungua, na karibu kila mara kuna aliyeziunguza. Maji yanayopenya kwenye soketi. Betri iliyofungwa kinyume wakati wa kuazima umeme. Mtu aliyechomelea bodi kwa umeme bila kuchomoa betri na kompyuta. Alternata iliyopandisha volti kupita kiasi. Koili au nozeli yenye shoti, inayovuta umeme hadi transista inayoiamrisha ikaungua; nozeli nyingi za petroli za aina ya kawaida husoma omu 12 hadi 16, na ukikuta mojawapo inasoma 2 wakati wenzake wanasoma 13, huyo ndiye muuaji. Kwenye kompyuta kongwe, za mwanzoni mwa miaka ya 1990, kapasita zilivujisha maji yake yakala njia za shaba kwenye ubao wake wa ndani. Ya mwaka 2008 haina sana ugonjwa huo. Lakini zingatia maana yake: ukifunga kompyuta nyingine bila kumtafuta aliyeiua ya kwanza, unamletea chakula kingine.

Sasa ushauri wa jamaa wa betri. Kuchomoa betri hakutibu shoti, hakuungi lehemu, hakurudishi transista. Kwenye magari mengi kunafuta misimbo na yale mazoea kompyuta iliyoyajifunza, ndiyo maana mara nyingine gari huonekana limepona kwa siku moja. Kibaya zaidi, kunafuta ushahidi. Kompyuta ilipoandika ule msimbo ilipiga pia kama picha ya dakika hiyo: joto la injini, mizunguko, mwendo wa gari, mzigo. Picha hiyo inaweza kumwambia fundi kama waya ulishuka volti kwa joto la digrii 95 au kwa mtikisiko wa kuanza kuondoka. Kabla mtu yeyote hajafuta chochote, piga picha kioo cha mashine kwa simu yako, ukurasa wa misimbo na ukurasa wa takwimu hizo.

Kuna swali moja ambalo hukuuliza lakini litakuja: mbona si sensa ya krenki, ambayo kila mtu anaitaja gari likizima la moto na kuwaka likipoa? Ni mshukiwa halali, na kwa gari lisilo na misimbo yako ningeanza naye. Likizima, piga stata huku mashine ikionyesha mizunguko ya injini. Ikibaki sifuri wakati injini inazungushwa, krenki ichunguzwe. Ila yeye peke yake hawezi kueleza MAP na throto kushuka kwa pamoja. Kwenye laini ya volti 5 anaweza kuwa mmoja wa wale wa kuchomolewa.

Ikithibitika kwa vipimo hivi kwamba kompyuta ni mbovu, mimi ningeangalia kwanza kama inatengenezeka. Hasa kwa kosa linalojulikana, kama sehemu ya volti 5 au transista moja, fundi wa elektroniki anayeshughulika na kompyuta za magari anaweza kuibadilisha, na faida kubwa ni kwamba kompyuta yako tayari inaijua funguo yako. Iliyotumika haiijui. Magari mengi ya umri wa lako yana kinga ya wizi inayofunga ndoa kati ya funguo na kompyuta. Ukipachika ngeni, injini inawaka sekunde moja mbili na kuzima, au haiwaki kabisa, na taa ya funguo inapepesa. Data ya zamani lazima ihamishiwe kwenye ile mpya, au ngeni isajiliwe upya. Na namba iliyobandikwa juu yake ifanane na yako tarakimu kwa tarakimu mpaka herufi ya mwisho. "Ni ya gari kama lako" haitoshi, kwa sababu gari lilelile la gia za mkono na la otomatiki linaweza kuwa na programu tofauti. Muulize anayekuuzia kama ataipokea ikirudishwa. Akisita, nawe sita.

Hatua za kuchomoa sensa na kuangalia rilei unaweza kuzifanya mwenyewe kama una mita na mkono mtulivu. Kupima pini za kompyuta mwachie fundi wa umeme wa magari mwenye ramani ya umeme ya gari lako hasa, kwa sababu pini zimepangana kwa karibu na kuteleza mara moja kati ya volti 12 na pini ya jirani kunaweza kuiua kompyuta iliyokuwa nzima. Usiguse kabisa soketi za njano, ni za mifuko ya hewa. Nyaya nene za rangi ya chungwa, kama gari ni la mseto, zina umeme wa kuua mtu.

Rudi kwa fundi wako kwa heshima. Mwambie asubirishe ile kompyuta iliyotumika, na umuulize maswali mawili: waya wa volti 5 ulikuwa na volti ngapi gari lilipozima, na ulirudi ulipochomoa nini? Akiwa na majibu, sikiliza na umwamini. Akisema hajapima, mpe nafasi apime, na umlipe kwa muda wa kupima hata kama hakuna spea iliyobadilishwa. Wengi wanakimbilia kubadilisha vitu kwa sababu wateja hukubali kulipia kifaa na hukataa kulipia saa mbili za mita.

Na zile sensa mbili za mwanzo, ya throto na ya MAP, kama bado zipo usizitupe. Kwa ninavyoona hazikuwa na kosa. Laini ikishatengenezwa, gari liendeshwe nusu saa ile ile mpaka lishike joto lile lile, volti 5 zipimwe tena zikiwa zimetulia, kisha zile za zamani zirudishwe na kupimwa moja moja. Zikisoma vizuri, zifunge hizo, na ulizonunua zikae kwenye boksi zake kama spea yako.